Mayai Yaliyobaki Kighare

Jumatatu, 10 Machi

Mayai 214 yamepotea. Alhamisi, tarehe 6, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Umeme ulikatika, mtambo wa kupoza tangi ukazima, maji yakapanda kutoka nyuzi 18 hadi 28. Mimi nilikuwa kwa mteja, nimefungua friji yake. Fundi friji, na maji yangu mwenyewe yanachemka nyumbani. Inauma.

Leo nimebadilisha robo ya maji, kama kila Jumatatu. Mayai yote meupe, yameota ukungu. Nimeyatoa kwa kijiko. Aksolotli wangu wawili, dume na jike, wakanitazama tu. Majirani hapa Same wanawaita mijusi ya maji. Miguu minne, matamvua mekundu shingoni, na sura ya mtu anayekucheka.

Jike ana miaka sita. Aliyeniuzia alihama Arusha, simu yake haipatikani. Sina wengine na sijui pa kuwapata. Nataka kizazi kimoja tu kabla jike hajazeeka. Kimoja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewapandisha Kighare, kijijini mlimani, kwa dada Naetwe. Ndoo mbili zenye vifuniko, chupa nne za barafu. Same leo nyuzi 33 kivulini. Chumbani kwa dada maji yamesimama nyuzi 17 bila mtambo wowote.

Matangi mawili nimeyaunda mwenyewe kwa vioo vya friji za soda. Dume huku, jike kule. Watenganishwe miezi miwili, wakutanishwe kwenye maji ya baridi, watataga. Hili sikufundishwa na mtu. Nimelijua kwa kuharibu, kama nilivyojua friji.

Dada ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Yeye simwagizi, namwomba. Wakati wa kuondoka nikasema maneno tunayosema tukimpeleka ng'ombe kwa ndugu: nakukabidhi, fuga, uzao wa kwanza wangu, wa pili wako. Akacheka mpaka akakaa. "Na maziwa ya haya mavitu nikamue saa ngapi?"

Nimeshuka na furaha. Sijui kwa nini nilitumia maneno yale.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Maji nyuzi 16. Wote wanakula minyoo vizuri.

Dada kapiga simu kulalamika kwamba dume anamkodolea macho akisali. "Elieza, mtu wako hapepesi. Hata shetani hupepesa." Nikamwambia hana kope. Hakuridhika.

Jumatano, 7 Mei

Leo dada amemhamishia dume kwa jike. Mawe mabapa chini, majani ya maji ya kutosha, kitambaa juu ya dirisha kupunguza mwanga. Amefuata kila kitu. Nilimwambia arudie mara tatu kwenye simu, hakukasirika.

La kuwatoa wazazi baada ya kutaga sijamwambia. Wanakula mayai yao wenyewe, na hilo si jambo la kueleza kwa simu. Nitapanda mwenyewe Jumamosi nikalifanye kwa mikono yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Dada anasema kuna vikoni vya ute juu ya mawe, 19; ni mbegu za dume. Dume ametimiza wajibu wake.

Udongo umeporomoka, barabara ya kupanda imefunikwa. Hakuna gari, hakuna bodaboda inayokubali. Kwa miguu siwezi. Goti langu la kulia halijapanda mlima tangu kompresa iliponiangukia.

Jumapili, 11 Mei

Ametaga. Picha imeingia dada alipofika kanisani, ndiko kwenye intaneti. Nimehesabu mara mbili, kwa upande unaoonekana: 263.

Nikapiga papo hapo. Shikamoo dada, tafadhali watoe wazazi, watayala yote. Marahaba, akasema. Halafu: "Tangu lini ndama akatengwa na mama yake siku ya kwanza?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Anasema jike amelala juu ya majani yenye mayai, anayalinda, ameona kwa macho yake. Anasema mimi sijazaa. "Ulinikabidhi, hukunikabidhi?"

Nilimkabidhi. Ng'ombe akishakabidhiwa, mwenye ng'ombe haingii zizini na amri. Hata mimi ningekasirika. Kosa ni langu, na halinisaidii kitu.

Jumatatu, 12 Mei

231, kwa hesabu ya dada kwenye simu. Dada anasema yaliyopungua yamejificha nyuma ya majani.

Hayakujificha.

Jumanne, 13 Mei

178. Juzi hadi jana yamekwenda 32, jana hadi leo 53. Wamezoea ladha.

Jirani yake ana simu na ana mikono. Angewatoa kwa dakika tano, sahani moja na ndoo moja. Nimelitafuta jina lake kwenye simu, nikaliangalia, nikaacha. Kumpita dada kwenda kwa jirani ni kumvua nguo kijijini. Sitafanya hivyo. Nachukia kwamba sitafanya.

Nimetengeneza friji tatu leo. Zote zinapoza.

Barabara bado.

Jumatano, 14 Mei

121. Kwa mwendo huu, kesho 64, Ijumaa 7.

Karakana nimefunga mapema. Nimekaa mbele ya tangi tupu. Kipimajoto bado kiko kwenye kioo chake, kinasoma hewa, nyuzi 27. Nimekiacha.

Maisha yangu yote sijawahi kumwekea dada saa ya mwisho ya kunijibu. Ujumbe nimeuandika mara nne. Mara ya tatu niliondoa shikamoo. Mara ya nne nimeirudisha. Atausoma jioni hii akienda kanisani kwa mazoezi ya kwaya.

Nimetuma hivi:

Shikamoo dada. Nilikukabidhi na sikunyang'anyi. Lakini hawa si ng'ombe, na nilikosa kusema mapema. Yamebaki 121. Chukua sahani, wahamishie wazazi tangi la pili, basi. Unawatoa au huwatoi? Usinieleze habari ya ndama. Nataka neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa moja kesho asubuhi.