Pampu Ilikuwa Nzima, Mdomo Ndio Mbovu

Jumatano. Jua la Mitunguu leo limetumwa. Mawingu yamekaa huko juu kwa mlima, yanatuangalia tu.

Nimekasirika. Usiniulize habari ya mchana.

Kwa wale wageni: mimi ndiye dereva wa trekta ya Mama Kendi. Trekta ni kuukuu, imenizidi umri mara mbili, lakini kutoka hapa mpaka Nkubu hakuna kijana anayenyoosha mtaro kunishinda. Form Two niliacha, gia sikuacha.

Sasa wiki mbili haidroliki imekuwa mvivu. Ukivuta leva, ile mikono ya nyuma inanyanyua plau polepole kama mgonjwa anayejaribu kuketi kitandani. Pampu inalia wiii. Mvua iko karibu, shamba halijafika nusu, na mimi niko mwisho wa mtaro nangoja plau itoke kwa udongo.

Jumamosi Mama Kendi akaniuliza mbele ya vibarua wote, shida ni nini. Ningesema sijui. Lakini mimi na "sijui" hatujawahi kukutana.

"Ni Mzee M'Inoti! Ameweka oili chafu, pampu imekufa!"

M'Inoti ndiye aliyeendesha trekta hii kabla yangu, mpaka magoti yakakataa. Kila asubuhi alikuwa anakuja bandani na kitambaa chake, anapangusa boneti, anaongeza oili ikipungua, anaenda zake. Siku hiyo alikuwa papo hapo, kitambaa mkononi. Mama Kendi akamwambia, "Mzee, banda hili usilikanyage tena."

Akaenda. Kitambaa akakiacha kwenye msumari.

Mimi nikang'oa pampu. Jana nikaipeleka Embu nimeipakata kama mtoto wa kliniki. Fundi wa huko akaifungua, akaipima, akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Kijana, hii pampu iko na afya kukushinda. Chujio la oili ulifungua?"

Nikatikisa kichwa.

"Wee! Mgonjwa ana mafua, umempasua moyo!"

Karakana nzima ikacheka. Hata yule anayeziba pancha, mtu hajui pampu wala chujio, alicheka akashika tumbo. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikimtukana fundi kimoyomoyo njia yote.

Leo asubuhi nikafungua chujio. Limezibwa na makapi, oili ilikuwa inapita kwa shida kama maji kwenye bomba la shule. Na chini ya chujio, kipande cha gunzi la mahindi.

Gunzi ni langu.

Msimu uliopita nilipoteza kifuniko cha tangi la haidroliki. Nikaziba na gunzi, kama vile nyanya yangu huziba kibuyu cha uji. Siku moja nikakuta limebaki nusu. Nikasema ni panya. Panya gani anakula gunzi lililolowa oili? Na nikaweka lingine!

M'Inoti aliliona. Aliniambia polepole, "Mwanangu, gunzi ni la kuwasha moto. Tafuta kifuniko." Nikamjibu, mzee, hizo ni akili za zamani.

Basi nikaosha tangi na chujio kwa dizeli, nikarudisha pampu, nikaweka oili mpya na kifuniko cha ukweli. Nikavuta leva. Plau ikaruka juu kama swara.

Mama Kendi akapiga makofi. "Nilijua wewe ni fundi! Yule mzee angetumaliza."

Na mimi nikatabasamu.

Hapo ndipo panaponichoma. Si Embu, si jua, si wale waliocheka. Gunzi liko kwa mfuko wa shati langu, linanuka oili, na mimi natabasamu kama mtu amepewa cheti.

Kumwomba mzee msamaha kwake nyumbani, sisi wawili, ni rahisi. Lakini nilimchafua mbele ya watu. Kesho asubuhi vibarua wakishafika, wale wale wa Jumamosi, nitatoa hili gunzi mbele ya Mama Kendi niseme ni la nani. Akininyang'anya usukani, anyang'anye. Nitalia nikifika kwetu.

Halafu nitampelekea M'Inoti kitambaa chake, nimwambie banda linamngoja.

Nimeshakifua. Saa hii kinakauka juu ya usukani.