Damu Isiyotosha Watu Wawili

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima. Suruali zilizokuwa zikiniteremka mbele za wateja zimeanza kunikubali tena, na shangazi yako bado ananiita fundi visingizio.

Umeacha kupokea simu zangu. Nasikia umeambiwa nilimnyima baba yako damu. Sikumnyima, mwanangu. Kundi letu la damu ni adimu, na katika ukoo mzima ni mimi tu niliyelingana naye, nikaenda hospitali siku ileile aliyolazwa. Muuguzi akanipima, akatikisa kichwa: "Mzee, hii haikutoshi hata mwenyewe." Kumbe kukonda kule na kutetemeka nikitunga uzi sindanoni kulitokana na tezi ya shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi hadi ikanipunguzia damu.

Nikarudi wodini mikono mitupu. Kaka yangu, baba yako, akacheka: "Bahili wewe, hata damu unanibania!" Hakunisemesha tena, asubuhi alikuwa ametutoka.

Nimemeza dawa za tezi tangu hapo. Juzi wamenipima, damu imetimia. Daktari akanipa mkono wa hongera. Nikaangua kilio mbele yake, naye akadhani ni furaha.

Akupendaye,
Baba yako mdogo