Rangi ya Geti

Ciku, uko? Usipige simu, Munguti ako hapa jikoni anaosha sufuria. Soma tu.

Unakumbuka nilikuambia huyu bwana yangu anatengeneza risasi hapa nyumbani? Anazipaka ule unga wa rangi uliobaki wa geti yetu, ya maroon, halafu anazichoma kwa oveni yangu ya keki. Alisema ni za mzee mmoja wa Kajiado, ako na leseni, analenga mikebe tu. Nikamwachia oveni.

Leo wamekuja askari wawili wa nguo za raia. Mmoja akatoa risasi kwa karatasi, imepondeka, akaiweka karibu na geti. Maroon kwa maroon, Ciku! Akasema polepole, “Hii imetolewa kwa kifua cha mtu huko Namanga. Mama, hii geti ilipakwa na nani?”

Munguti alikuwa nyuma ya pazia, ananiangalia.

Nikasema Wahome.

Ndiyo, Wahome, bwana yako. Kwa sababu yeye na Munguti wako karakana moja ya mageti, jina lake ndilo lilinitoka. Nikawaelekeza hadi kwa mlango wenu.

Munguti ameniambia asante. Miaka tisa, hajawahi kuniambia asante.

Ciku, wanakuja kwenu.