Jina la Injinia

Awoowe Hodan, mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Ayeeyo, bibi yako, hapa Garissa amepona mguu, alhamdulillahi.

Unauliza nilisomea wapi uinjinia, kwa kuwa sokoni wananiita Injinia, nawe umeshawasimulia wenzako. Naona haya. Nilikuwa karani mchanga, nikiogopa kuchelewa kufika kazini Hulugho. Dereva wa lori tulilopanda alifungua plagi ya injini, ile inayowasha mafuta, kuisafisha, akaenda kuswali. Nikairudisha mwenyewe, ikaingia upande, nikaikaza kwa spana hadi hesi za tundu, ile mizunguko inayoishika plagi, zikalika.

“Wallahi, tumepata injinia!” dereva akawaambia abiria. Wakacheka, na jina likanifuata hadi sokoni.

Fundi aliyeletwa alipanua tundu, akachonga hesi mpya, akatia bushi, pete ya chuma ya kuishika plagi, kisha akanikabidhi plagi. “Vidole kwanza, Injinia, spana baadaye.” Nikaizungusha kwa vidole, ikaingia.

Waambie wenzako ukweli. Wakicheka, cheka nao. Mimi siku ile sikuweza.

Babu yako