Nani Atanishikia Pete Nikifungua Chogo

Mke wangu, mtani wangu, Mama Tumaini,

Kaa vizuri huko uliko, kama huko kuna viti. Nina habari, na mwandiko umepinda kwa furaha, si kwa uzee, ingawa ukisema ni uzee sitabisha sana. TV yako nyekundu imewaka. Nimeifungua jana mchana, hapa hapa barazani petu Kariakoo, kwa mkono mmoja kama ulivyonifundisha. Na pete nilivua. Usianze kupayuka, nitafika huko.

Najua watu huwaandikia marehemu kwa sauti ya chini, kama wako kanisani. Mimi nitashindwa. Siku ya msiba wako Wahehe na Wangoni walitaniana mpaka jeneza likakaribia kucheka, na mimi peke yangu nikazuiwa. "Wewe ni mfiwa, tulia." Mngoni azuiwe kumtania Mhehe, tena aliyelala naye kitanda kimoja? Nilikaa kwenye mkeka na maneno matamu kabisa kuhusu wewe, Mhehe mla mbwa, na mbwa wa Mtaa wa Sikukuu, yakaniozea mdomoni. Basi niseme moja tu, roho itulie: tangu uondoke, mbwa wameongezeka.

Unaikumbuka baraza yetu ilivyokuwa? Cherehani yako upande wa mlango, meza yangu upande wa ukuta, na katikati yetu TV za watu zimepangwa, zile zenye kisogo kirefu ambazo mji mzima ulizibandika jina la chogo. Wewe unashona sare za shule, mimi nanusa moshi wa risasi ya kuunganishia waya. Wateja wakija hawajui wamsalimie nani kwanza. Wewe uliwajibu wote, hata wangu.

Na siku ile nilipopigwa, unaikumbuka? Bila shaka, maana uliisimulia mpaka Magogoni kwenye foleni ya pantoni. Nilikuwa bado fundi mbichi, elimu yangu ya darasa la nne na kiburi cha chuo kikuu. Mteja kaleta TV, nimechomoa waya ukutani, nikakuonyesha kabisa: "Ona, haina umeme. Hii sasa ni maiti." Nikaingiza mikono yote miwili, na pete juu, kwenye kile kikombe cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa kioo. Kilichonipiga sikukiona. Nilichokiona ni dari, halafu sare za shule, kwa sababu niliangukia kwenye kapu lako. Ulikuja ukanikagua vidole, ukaona alama nyeusi imeizunguka pete, ukahakikisha napumua, ndipo ukauliza kwa utaratibu:

"Maiti gani anapiga ngumi?"

Kuanzia hapo ukawa serikali. Hukujua kapasita, kifaa kinachoficha umeme hata waya ukichomolewa, ni nini, lakini ulikwenda mwenyewe kwa yule fundi mzee wa Gerezani, ukamhoji kama polisi, ukarudi na sheria. Chogo halifunguliwi mpaka usimamishe cherehani. Unanyoosha kiganja: "Lete pete." Naivua, unaivaa kidole gumba, kwa sababu vidole vyako vingine ilivizidi. Saa nayo mezani. Miguuni kandambili kavu, chini ya kandambili ubao. Mkono wa kushoto naufunga nyuma kwenye mkanda wa suruali, ili umeme ukija usipate njia ya kupita kifuani kwenda mkono wa pili, moyo ukiwa katikati kama kituo cha basi. Na wewe unasimama pembeni na rula yako ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa. Nikinaswa, unanipiga nayo nitoke, hunigusi kwa mkono wako.

Ulinipiga mara nyingi sana kwa mtu ambaye hakunaswa hata mara moja tena. Mkono wa kushoto ukichungulia tu, "Mkono!" na rula imeshatua. Ulikuwa ukisema eti unanilinda. Mhehe wewe, ulikuwa unalipiza vita vya babu zetu.

Mtaa ulitucheka. Wapita njia walikuona na pete yangu kidoleni wakasema, "Mzee kavua pete, leo anatoka na nani?" Ukawajibu bila kugeuka, "Anatoka na chogo. Na analiogopa kuliko anavyoniogopa mimi." Uongo. Nilikuogopa zaidi wewe.

Na yale mafuriko ya Jangwani, watu wakaja na TV zinatoa tope kama zimezaliwa mtoni. Wote wana haraka, siku ya mechi inakaribia. Mimi tayari nimeshika bisibisi. Ukasimama mlangoni: "Hakuna kuchomeka kitu chenye maji ndani." Ukatupanga sote, watu na TV, juani kando ya barabara, vifuniko vimefunguliwa, mpaka mama mmoja akauliza unauza fungu bei gani, kama dagaa. Mwenye TV mmoja hakuvumilia, akaibeba yake akaenda kuichomeka kwake. Ilipasuka kapasita ikaunguza pazia. Siku ya pili akarudi na salamu za heshima, akakuita "Mama Fundi" mbele yangu. Sijamsamehe.

Halafu ukaugua. Pale wodini, umebaki mifupa na mdomo, mdomo haukupungua hata gramu, ukanishika kidole hiki cha pete ukasema:

"Usije ukafungua chogo peke yako. Tafuta mtu wa kukushikia pete."

Nikakuambia acha utani. Ukasema, "Wangoni mmekimbia tangu kusini kabisa mwa Afrika, hamjaacha kukimbia. Hili usilikimbie."

Nililikimbia. Mtaa mzima uliposikia maneno hayo uliyatafsiri unavyotaka, watu wakaanza kumtazama Mama Shayo wa duka la vitenge, mjane, mwenye ghorofa kwao Marangu. Naye akaanza kunipitishia ndizi za kupika. Ndizi nilikula. Pete sikuitoa.

Wiki chache baada ya kukuzika, nikiwa natazama TV yako nyekundu, picha ikajikunja. Juu ikashuka, chini ikapanda, ukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, kama uzi kwenye kitambaa cheusi. Fundi yeyote anajua ni ugonjwa mdogo, sehemu iliyoungwa kwa risasi imepasuka tu. Lakini kuufikia lazima ufungue chogo, na kufungua chogo lazima uvue pete, na kuvua pete lazima umpe mtu. Nikaizima, nikaifunika kitenge chako, nikahamia kwenye rimoti na chaja. Watu wakaamini chogo zimekwisha mjini. Hazikuisha, mimi ndiye niliyezifukuza.

Sasa sikia. Nyumba inavunjwa. Mwenye nyumba anapandisha ghorofa kama wenzake, na Jumamosi tunatakiwa tuwe tumeondoka. Tumaini kapiga simu kutoka Mbeya, "Baba, uza vyote, njoo upumzike." Nikamwita kijana wa chuma chakavu, Side, mtu wa miaka thelathini na kitu, ndevu nyingi, mkokoteni mmoja, aje achukue chogo za zamani zilizolala stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zile za kijivu chukua. Hii nyekundu hapana."

"Nyekundu ndiyo ina shaba nzuri, mzee wangu."

"Nimesema hapana."

Akacheka, akaanza na ya kijivu. Akang'oa kifuniko, akainamisha uso juu ya shingo ya kioo, akanyanyua nyundo. Mama Tumaini, sijui sauti ilitoka wapi. Ilitoka sauti yako.

"Mkono!"

Nyundo ikaganda hewani. "Vipi mzee, hii si imekufa? Haina hata waya."

"Maiti gani anapiga ngumi?" nikamwambia. Nilisikia raha kulisema hilo, we acha tu.

Nikamweleza. Umeme humo ulikwishakauka miaka mingi, sawa. Lakini ndani ya kioo kile hamna hata hewa. Kimefyonzwa kitupu, hewa ya Dar es Salaam yote imekiegemea kutoka nje inatafuta pa kuingilia. Ukikipiga shingo, kinajivuta ndani kwa ghafla, halafu vipande vinarudi nje vikikutafuta macho. Side akateremsha nyundo. Akajishika juu ya jicho, pana kovu pale limekata unyusi. "Hili nililipata Tandale," akasema. "Nilidhani bahati mbaya."

Nikamvalisha miwani yangu. Nikafunika kioo kwa blanketi, nikaacha ncha ya shingo tu, pale nyuma kabisa penye kichuchu kidogo cha kioo. Nikakibana kwa koleo taratibu. Kikatoa sauti, fyuuu, ndefu, nyembamba. Side akasogeza sikio.

"Kumbe inapumua."

"Ndiyo inavuta pumzi ya kwanza. Sasa chukua shaba yako."

Akatoa shaba, lakini hakuondoka. Akafunua kitenge chako bila ruhusa. "Na hii inaumwa nini?" Nikaichomeka nimwonyeshe. Ukasikika ule mlio mwembamba, nywele za mkono zikasimama karibu na kioo, na mstari ukaja, mweupe, mmoja. Akauliza kwa nini siitengenezi, mimi si fundi? Nikamweleza habari ya pete. Sikumweleza yote. Nilimweleza nusu, nusu nyingine aliiona mwenyewe.

Akafuta kiganja kwenye suruali, akakinyoosha.

"Lete pete, mzee."

Fikiria, mke wangu. Mtu anayenunua chuma kwa kilo. Mtaa mzima unasubiri nimpe Mama Shayo, na mimi nimesimama mbele ya mwenye mkokoteni. Nikasema sawa, ila haikutoka. Kidole kimenenepa, wewe umeondoka na mwili wako ukaniachia wangu. Tukaomba sabuni kwa mama anayeuza chakula jirani, tukazungusha, nikatoa maneno ambayo sikuyajua kama ninayo. Ikatoka. Chini yake ngozi nyeupe kama ya mtoto. Side akaitazama pete, akaipima kidogo mkononi, kazi ni kazi, halafu akaivaa kidole gumba. Sikumwambia aivae kidole gumba. Vidole vyake vingine ilivizidi, kama vyako.

Nikampa rula yako. Nikamwambia pa kupiga. Nikachomoa waya ukutani, nikavaa kandambili, nikapanda ubao, nikafunga mkono wa kushoto kwenye mkanda. Bisibisi yenye mpini wa plastiki, shingoni mwake nimefunga waya, na mwisho wa waya umeng'ata ule msuko wa chuma unaozunguka mgongo wa kioo. Nikaipenyeza chini ya kikombe cha mpira, kuumwaga umeme uliojificha humo. Tap. Side akaruka. Nikasubiri, nikaipenyeza tena, kwa sababu chogo ni kama wewe ukinuna, unadhani yamekwisha, kumbe kuna mengine yamebaki. Tap, ndogo. Mara ya tatu kimya.

Ndipo nikageuza ubao wa nyaya, na ugonjwa ule pale, duara jembamba la ufa kuzunguka mguu wa kifaa. Ufa mdogo vile, ndio umeninyima picha muda wote huu. Nikayeyusha risasi mpya. Katikati ya kazi mkono wa kushoto ukanitoroka kushika kioo, mazoea mabaya, na rula ikatua begani. Side mwenyewe akashtuka. "Samahani mzee, sijui imekuwaje."

"Usiombe samahani," nikamwambia. "Ndivyo inavyotakiwa."

Tukafunga, tukachomeka. Ule mstari ukatetemeka, halafu ukafunguka juu na chini, polepole, kama wewe unapokunjua kitenge mbele ya mteja. Chenga tupu, maana mitambo ya zamani ilizimwa na sina king'amuzi. Tulizitazama chenga kama tunatazama fainali. Mama Shayo akaja kuona kelele za nini, akarudi dukani akaleta king'amuzi chake, ikatokea taarifa ya habari, msomaji kawa wa kijani kidogo. Amependeza. Side akasema uani kwake Buguruni kuna chogo nyingi amekusanya, na sasa hatazipiga nyundo. Niende nizitazame kwanza, nizitenge, zinazofufuka, na za kuvutishwa pumzi kabla hazijavunjwa. Ana kivuli pale, ana meza. Jumamosi mkokoteni wake utakuja kunibeba, mimi, TV yako, cherehani yako na rula. Tumaini nitampigia, nimwambie Mbeya ina baridi.

Basi nimetii. Ulisema nitafute mtu wa kunishikia pete, nimempata. Ana ndevu.

Pete alinirudishia jioni. Kidole kimevimba kwa sabuni na purukushani, haikurudi ndani, na leo haijarudi. Nimeifunga kwa uzi wako mweusi, imening'inia kwenye tundu la rula, mahali Side ataichukua tukianza. Kwa hiyo ukichungulia kutoka huko ukaniona napita Msimbazi kidole kitupu, usinitilie shaka, na Mama Shayo umwache na ndizi zake. Nipo kazini.

Pumzika, Mhehe wangu. Pumzi yako ya mwisho niliisikia, nadhani ilikuwa ya kwanza mahali pengine.

Mumeo na mtani wako,
mkono wa kushoto ukiwa kwenye mkanda