Programu ya Mkono Mmoja

Machakos,
Septemba 2003

Kwa dada yangu mpenzi Layla,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba joto la Mombasa halijawachosha. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kupungua, na Mama bado anaenda Tala kila siku ya soko kuuza mitumba, ingawa magoti yanamsumbua. Anasema ukija umletee achari ya ndimu.

Uliniuliza kwenye simu kama kazi inaendelea, nikakujibu kwa mkato kwa sababu Mama alikuwa karibu. Sasa nikueleze vizuri.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vyuma. Tuko watatu: Mutiso aliyeianzisha, Swabra binti wa Mzee Abdulghani yule fundi cherehani, na mimi. Tunaandika programu ya chama cha wakulima wa Kola, wajue nani ameleta maziwa kiasi gani. Kompyuta zetu zinaendeshwa na Linux, mfumo wa bure usiolipiwa leseni. Nilipomwambia Mama kwamba kutwa naandika "code", alisikia kodi, akadhani nimeajiriwa na mwenye nyumba, kwa hiyo siku hizi namwambia naandika maagizo ya kompyuta.

Maagizo hayo huandikwa ndani ya programu maalum, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ziko nyingi, na kila mtu huitetea yake kama timu ya mpira. Swabra anapenda inayoitwa Emacs, na alimshawishi Mutiso kwamba wote tuitumie ili tusomeane kazi kwa urahisi. Ni nzuri, siikatai. Lakini karibu kila jambo inataka ushikilie kitufe kimoja huku ukibonyeza kingine, wakati mwingine viwili kwa pamoja. Wewe unajua, tangu mashine ya kusaga mawe kule Lukenya inichukue mkono wa kulia, niko na vidole vitano tu. Nilivipinda mpaka vikafa ganzi. Kazi ya asubuhi niliimaliza jioni. Sikulalamika. Nilijiambia tatizo ni mimi, na nilikuwa nimeshaamua kumwomba Mutiso atafute mtu mwingine, nikamsaidie Mama sokoni.

Ijumaa moja nilitoka kwenda msikitini, nikakumbuka njiani kwamba nimesahau kofia. Niliporudi nilimkuta Swabra peke yake, mkono wake wa kulia ameufunga kwenye kiti kwa leso, anaandika kwa wa kushoto huku amekunja uso. Aliona haya, kisha akakasirika, akaniuliza kwa nini sibishi hodi. Kumbe wiki nzima, sisi tukienda kula, alikuwa akijaribu programu moja baada ya nyingine hivyo hivyo.

"Emacs imenishinda, Hanif," aliniambia, "na mimi nimeizoea. Wewe si mzito. Tulikupa jembe la watu wawili."

Akanionyesha nyingine inayoitwa vi. Ni ya zamani, sura yake kavu, na anayeanza hajui hata jinsi ya kutoka ndani yake. Lakini humo vitufe hubonyezwa kimoja kimoja: herufi hii inafuta, hii inanakili, hii inakurudisha mwanzo wa mstari. Siku za mwanzo niliitukana kimoyomoyo. Baadaye vidole vikaanza kujiendea vyenyewe. Sasa Mutiso hunipa kazi sawa na wengine, na akikwama hunijia mimi. Swabra amebaki na Emacs yake. Mimi namwambia ile imetengenezewa pweza, yeye ananiambia yangu ni ya enzi za babu yake.

Dada, yote hayo nimeyaeleza ili nifike hapa. Mama bado hunikatia nyama kabla sijaketi, na najua ni mapenzi. Swabra hanikatii. Siku hizi tukila pamoja ofisini, hubana ukingo wa sahani yangu kwa kidole ili isisogee ninapokata, huku anaendelea kubishana na Mutiso, wala hanitazami. Siku moja nilikiangalia kile kidole nikasahau kula.

Juzi nilimwuliza kama angekubali nimwoe. Alimaliza mstari aliokuwa akiuandika, kisha akasema baba yake hapokei posa ya kijana aliyekuja peke yake, kwa hiyo nitafute watu wangu.

Watu wangu ni wewe. Baba angekuwa hai nisingekusumbua. Mama sijamwambia. Tangu ajali amekuwa akisema atanitunza mpaka afe, na naogopa ataona kama namwambia kazi yake imekwisha. Wewe ndiye unayejua kuzungumza naye. Njoo kabla ya Ramadhani, ukae naye kwanza, halafu mwende pamoja kwa Mzee Abdulghani. Akiuliza habari ya mkono, usimwombe anihurumie. Mwambie apande ngazi za ofisi anione nikifanya kazi.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Swabra hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nimejichukulia mwenyewe nikakuletea. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Hanif