Viwavi Kwenye Miche ya Waridi la Jangwani

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Morogoro hatujambo, na babu yako amepona mguu.

Unauliza kama ung'oe miche yako iliyoliwa majani na viwavi. Bonyeza shina kwanza. Likiwa gumu, mche uko hai. Kisha nawa mikono, utomvu wake ni sumu.

Nilipoolewa, miche niliyoiotesha kwa mbegu iliharibiwa vivyo hivyo. Nikawa naing'oa huku nalia. Mama mkwe, ambaye tangu harusi mimi naye tulikuwa tukiishia kwenye shikamoo tu, akachuchumaa kando yangu.

"Iache. Tuokote viwavi."

Tukawa tunaviokota kila asubuhi, tukizungumza. Siku moja akanigongea mlango. "Mwanangu, njoo uone. Imechipua."

Nakuombea heri,
Bibi yako